Daftari Kwenye Msumari

Wageni wakija ofisini kwetu Munuki, hapa Juba, huuliza kuhusu msumari. Upo katikati ya ukuta, juu ya meza yangu, na hakuna kilichotundikwa. Wengine hudhani picha ilianguka ikavunjika. Wapo waliowahi kuniletea kalenda ili niufunike. Kalenda naipokea, naitundika ukuta mwingine, kisha nawaeleza kwamba anayetaka kujua kampuni yetu ilivyokua aanzie kwenye msumari huo. Kwa kuwa sina kipaji cha kufupisha, wageni hao hunywa chai vikombe viwili.

Mimi ni mzaliwa wa hapa niliyekulia kwingine. Shule nilisoma Kenya, chuo Kenya, na kazi ya kwanza niliipata Nairobi, katika kampuni iliyotengeneza programu za biashara. Mwenye duka alilipia kila mwezi, na mambo yote ya duka lake yakahifadhiwa kwenye kompyuta za mbali, akayaona kwa simu popote alipo. Nilikaa pale miaka michache nikijifunza kazi na kubishana na mabosi. Kisha nikafunga virago nikarudi Juba pamoja na mwenzangu mmoja tuliyesoma naye chuo, ambaye naye kwao ni hapa. Yeye ni mpole wa kupitiliza. Mimi sivyo, na sijawahi kuomba radhi kwa hilo.

Kila mtu alituambia Juba si mahali pa biashara ya namna hiyo. Umeme wa shida, mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka, vumbi linaingia hadi ndani ya vitu vilivyofungwa. Niliwajibu kwamba hawajui wanachosema. Hapa ni nadra kupata familia isiyowahi kukimbia vita, na anayekimbia huacha daftari. Mama yangu alikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni na sukari. Siku tulipoondoka alibeba watoto, sufuria na picha ya harusi yake. Daftari la duka lilibaki juu ya gunia la chumvi, na kwa miaka mingi ugenini nilimsikia akilitaja kama mtu anavyomtaja ndugu aliyeachwa njiani. Mji kama huu ndio hasa unaotaka mambo ya duka yaandikwe mahali ambapo moto haufiki. Niliamini hivyo wakati ule na ninaamini hivyo leo.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa mzee mmoja Msomali kutoka Kenya, ambaye mtaa mzima ulimwita Haji. Aliuza vipuri vya pikipiki kwa jumla: tairi, tyubu, cheni, breki, oili. Stoo yake ilikuwa hatua chache kutoka stendi ya bodaboda, na mafundi wa mitaa ya Hai Mauna hadi Lemon Gaba walichukua mali kwake wiki nzima, wakamalizana naye Jumamosi. Ukimpata Haji umewapata wafanyabiashara kumi wanaomsikiliza. Tulikwenda kwake mara sita. Mara ya sita nikamwambia, "Haji, utaiona stoo yako ukiwa popote. Hata ukiwa msikitini."

"Msikitini mimi naenda kwa Mungu," alisema. "Stoo nitaangalia nikitoka mlangoni."

Nikajua tumempata. Nikatoa fomu yetu, na swali la kwanza lilikuwa: wafanyakazi wangapi?

"Hakuna mfanyakazi. Ni mimi tu."

Nikaandika moja. Programu ikampa ufunguo mmoja, yaani neno la siri la kuifungulia, lake peke yake. Nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara kama vile mimi ndiye niliyeijenga.

Sasa, lipo jambo ambalo fomu haikuuliza, na ambalo nililiona kwa macho yangu bila kulitazama. Ubavuni mwa stoo ya Haji kulikuwa na kibanda cha mama mmoja kutoka Uganda aliyeuza nyanya, vitunguu na matoke. Kila Ijumaa, saa saba ikikaribia, Haji alinawa mikono yenye grisi, akavaa kanzu, akampa yule mama funguo na simu ya stoo, akaenda kuswali. Kwa saa moja na ushei mama wa nyanya ndiye aliyeshika stoo. Mafundi wakituma waendesha boda, aliwapa mali na kuandika. Jumapili mambo yaligeuka. Mama alivaa gomesi lake akaenda kanisani, na Haji akakaa kibandani kuuza nyanya. Alikuwa muuzaji mbaya kupita kiasi. Hakuwahi kujifunza ukubwa wa fungu, akawa anaongeza tu mpaka mteja mwenyewe aone haya. Akina mama wa Munuki waliingoja Jumapili kwa hamu. Mama wa nyanya alijua, akacheka, akamwachia. Walifanya hivyo miaka na miaka, hata zile siku za risasi, ambapo aliyekuwepo alifungia mali ya asiyekuwepo.

Hakuna aliyemlipa mwenzake. Kwa hiyo Haji alijibu kweli, mimi nikaandika kweli, na hapo ndipo tulipoharibu.

Siku ya kuanza nilimkuta mama wa nyanya na daftari lake la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndimo alimoandika mambo ya kila Ijumaa: nani kachukua nini, kwa fundi gani. Nikamwonyesha tableti niliyomletea Haji. Alijifunza haraka kuliko Haji mwenyewe. Basi nikalichukua lile daftari mkononi mwake. "Mama, hii sasa kalas," nikamwambia. "Imemaliza kazi."

Nilikwenda nalo ofisini, nikagonga msumari, nikalitundika. Chini yake nikabandika karatasi niliyoiandika kwa kalamu nene: ZAMANI. Wateja wapya wakija nililinyooshea kidole, wakacheka, wakatia sahihi. Kabla mvua hazijaisha tulikuwa na maduka matano: la Haji, na manne yaliyoletwa na neno lake. Mwenzangu alinunua kiti cha kuzunguka. Mimi nilianza kusema "kampuni yetu" hata nilipokuwa nanunua mkate.

Kisha Haji akaniita. Stoo haikulingana na skrini, skrini ilisema kuna tairi ambazo rafuni hazipo. Mtu mwenye akili angeanza kwa kuuliza kama programu inakosea. Mimi sikuuliza, kwa sababu niliiandika mimi. Nilimshauri ahesabu stoo asubuhi na jioni kila siku, na Ijumaa ahesabu pia kabla ya kuondoka na baada ya kurudi. Akafanya hivyo kwa wiki tatu. Siku nyingine zote zililingana. Ijumaa, ile saa ya msikitini, vitu vilipungua kuliko vilivyoandikwa. Kibaya zaidi, baadhi viliandikwa na baadhi havikuandikwa, kama vile mtu anachagua cha kuonyesha na cha kuficha.

Nilimpelekea karatasi yenye mchoro wa rangi mbili. Nilijivunia mchoro ule. Nikasema mbele ya waendesha boda wawili waliokuwa wanangoja cheni, "Haji, stoo yako inavuja Ijumaa." Sikutaja mtu, wala sikuhitaji kumtaja. Haji aliikunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Ijumaa iliyofuata alifunga stoo kwa kufuli na kuondoka na funguo. Mama wa nyanya alikuwa kibandani, mita mbili kutoka pale. Jumapili akaenda kanisani baada ya kufunika nyanya zake kwa turubai na kulifunga kwa kamba pande zote nne. Hakuna aliyegombana. Waliendelea kusalimiana kila asubuhi, na mtaa mzima ulielewa. Wiki ya pili wateja wengine walianza kupita kibanda chake wakaenda kununua vitunguu mbele zaidi. Mtu akishakuwa mwizi wa tairi, hata mizani yake ya vitunguu hutazamwa.

Mama wa nyanya alikuja ofisini Jumatatu iliyofuata. Hakuwahi kufika kwetu kabla ya siku hiyo. Mwenzangu alimpisha kile kiti cha kuzunguka, akakikataa, akabaki amesimama katikati ya chumba akiangalia ukuta. Aliliangalia daftari lake kwa muda mrefu, na ile karatasi chini yake. Nilitamani ukuta ule uanguke.

"Mimi iko naandika kila kitu," alisema. "Kila kitu natoka, mimi naandika kwa hiyo kompyuta yako. Wewe mwenyewe nafundisha mimi."

"Mama, hakuna aliyesema…"

"Wewe nasema. Kwa karatasi ya rangi. Zamani mutu akiuliza, mimi nafungua kitabu, naonyesha. Wewe nachukua kitabu, natundika hapa watu nacheka. Sasa mimi nikisema, nani nasema pamoja na mimi?"

Akaondoka. Hakupaza sauti hata mara moja. Niliona aibu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda stoo, nikamwomba Haji afanye kila anachofanya Ijumaa, hatua kwa hatua, tukijifanya mimi ndiye mama wa nyanya. Akaniachia tableti ikiwa imefunguliwa kwa ufunguo wake, kwa sababu ufunguo ulikuwa mmoja. Nikaandika tyubu mbili zimetoka. Hesabu ya tyubu ikapungua mara moja.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu naswali. Nikitoka watu wananiuliza uko na tairi hii, uko na ile. Mimi nafungua simu, naangalia."

"Fungua."

Akafungua simu yake palepale mlangoni, akaingiza neno lake la siri, akaona tyubu mbili zimetoka. Mimi nikaandika cheni moja imetoka. Tableti ikanikubalia vizuri tu, ikaandika *imehifadhiwa*. Kwenye simu, hakuna cheni. Nikaandika nyingine, hakuna. Akarudi ndani, akafungua tableti upya kama afanyavyo kila Ijumaa, na zile cheni mbili zikatoweka kama hazikuwahi kuandikwa.

Nilijua sababu kabla sijakaa chini. Ni sheria niliyoibeba kichwani kutoka Nairobi: mtu mmoja, ufunguo mmoja, mahali pamoja. Ufunguo ukifunguliwa mahali pa pili, pa kwanza panafungiwa nje, na chochote kitakachoandikwa pale baada ya hapo hutupwa. Kule inamzuia mwizi wa neno la siri. Hapa kila Ijumaa, mara tu Haji alipoangalia simu yake mlangoni mwa msikiti, ilimfungia nje yule mama, ikampa tabasamu, na kuzitupa kazi zake kapuni. Na kuangalia stoo mlangoni mwa msikiti ndiyo bidhaa niliyomuuzia.

Haji hakuelewa nilichokiona, na sikumwambia siku ile. Nilikwenda kwanza Hai Mauna, karakana kwa karakana, kuwauliza mafundi walichukua nini Ijumaa zile. Walinitajia bila kuficha: fundi huyu tairi mbili, yule cheni na breki. Mama aliwapa, akaandika kwenye tableti mbele ya mwendesha boda. Jumamosi wakienda kumalizana na Haji, vitu hivyo havikuwemo kwenye hesabu yake. Mmoja wao, fundi mnene mwenye ovaroli iliyokatwa mikono, aliniambia, "Sisi tulidhani ni sadaka ya Ijumaa. Mtu anakataa sadaka?"

Nilirudi ofisini nikamweleza mwenzangu yote. Alinisikiliza, akazungusha kiti chake kushoto na kulia.

"Hiyo tunatengeneza leo," alisema. "Kimya kimya. Wiki ijayo hesabu zinalingana, Haji anafurahi, mama anarudi kazini. Hakuna mtu atajua."

"Na hizo wiki zilizopita?"

"Watasahau."

"Wamemwita mwizi."

"Ukisema ni sisi, Haji anaondoka. Akiondoka, wale wanne wanaondoka naye. Tutakuwa tumebaki na kiti."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Kampuni ilikuwa yake pia, na akiba zake zilikuwemo humo sawa na zangu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuamua pale pale stoo, na mimi nikishaamua huwa sina faida tena kama mshauri. Nilimwambia kwamba nilimsema yule mama kwa mchoro mbele ya watu, kwa hiyo nitamtoa lawamani kwa mdomo mbele ya watu. Kama tutabaki na kiti, basi tutakikalia kwa zamu. Alininunia hadi jioni. Kisha akaanza kuandika marekebisho, na Alhamisi akasema anakuja nami.

Nilichagua Ijumaa, saa ambayo watu wametoka msikitini na stendi imejaa. Haji alikuwa anafungua kufuli. Mama wa nyanya alikuwa anapanga mafungu yake, ametugeuzia mgongo. Waendesha boda walikuwepo, na wale wawili wa siku ya mchoro walikuwepo pia. Nikaongea kwa sauti, maana nikiongea polepole watu hudhani naumwa.

"Haji, nilisema stoo yako inavuja Ijumaa. Nilikosea. Stoo haikuvuja. Mama huyu aliandika kila kitu kilichotoka, na programu yangu ikakifuta. Niliipanga vibaya mimi mwenyewe, si yeye, si wewe. Nimezunguka kwa mafundi. Vitu vyote vimepatikana, na kila fundi ametaja vyake." Nikampa orodha.

Haji aliisoma yote, mstari kwa mstari, akiwa bado ameshika kufuli kwa mkono mwingine. Nilitegemea anifukuze. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kuagana yenye heshima.

"Kwa hiyo yeye hakuchukua kitu," alisema.

"Hakuchukua hata boliti."

Akatembea zile mita mbili hadi kibandani. Mzee huyu ambaye kila asubuhi aliamuru lori zima lishushwe kwa kidole tu, alisimama mbele ya mafungu ya nyanya kama mteja asiye na haraka.

"Mama," alisema, "mimi nilifunga mlango."

"Mimi nasikia kufuli," alijibu bila kugeuka. "Ijumaa tatu mimi nasikia."

"Malesh. Walahi nimekosa."

Aliendelea kupanga nyanya. Alimaliza fungu moja, akaanza la pili, na sisi sote tukamngoja, hata waendesha boda ambao huwa hawangoji kitu. Mwishowe aligeuka, lakini alinitazama mimi.

"Kitabu yangu," alisema.

Nilitoka mbio. Sijawahi kukimbia hivyo mchana wa jua la Munuki na viatu vya ofisini. Nililing'oa daftari kwenye msumari, nikaichana ile karatasi, nikarudi natweta. Alilipokea, akalifuta vumbi kwa kanga, akafungua mahali alipoishia siku niliyomnyang'anya. Akachukua kalamu ya Haji iliyokuwa mfukoni mwa kanzu yake, bila kuomba, akapiga mstari chini ya maandishi ya zamani na kuandika tarehe ya siku ile.

"Ijumaa ijayo mimi nashika stoo," alimwambia Haji. "Hiyo kompyuta naandika. Na mimi iko naandika."

Jumapili ile turubai halikufungwa. Haji alikaa kibandani tangu asubuhi, na inasemekana mafungu yalikuwa makubwa kuliko wakati wowote.

Haji hakuondoka. Aliniambia baadaye kwamba watu wengi wamewahi kumuuzia vitu vibovu, lakini hajawahi kuona muuzaji anayekimbia kwenda kuleta ushahidi dhidi yake mwenyewe. Akatuletea wateja wengine, na wao wakatuletea wengine. Leo tuna maduka, karakana na maghala kila upande wa mji, na tumevuka mpaka hadi Arua, Uganda. Kampuni kubwa za ugenini zimejaribu kuingia hapa na programu zao nzuri zenye rangi, na siziogopi hata kidogo. Fomu zao bado huanza kwa kuuliza una wafanyakazi wangapi. Ya kwetu huanza kwa kuuliza: ukitoka, nani hubaki? Watu hucheka, halafu hujibu. Kuna anayemtaja shemeji, kuna anayemtaja fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, na mwenye duka la dawa mmoja alimtaja mchungaji. Kila anayetajwa hupewa ufunguo wake mwenyewe, na anachoandika hakifutwi na yeyote.

Tukibadilisha chochote kwenye programu, kikubwa au kidogo, hakiendi kwa wateja mpaka kipite Ijumaa moja stoo kwa Haji. Nakwenda mwenyewe. Mama wa nyanya, ambaye daftari lake la sasa ni la saba au la nane, hulifungua magotini, mimi naisoma tableti, yeye anafuata kwa kidole, kitu kwa kitu. Mpaka leo tableti imekosea mara mbili. Daftari bado. Tukifika mwisho na kila kitu kikilingana, hulifunga, hunitazama kidogo ili nisijisahau, kisha husema, "Sawa. Sasa peleka." Ndipo ninapopeleka.